Kambo Mwadi na Maneno ya Jana

Bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi kwetu Kamina, Kongo, tulimwita kambo, alijifunza Kiingereza ili amvizie mumewe. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Watu walipomwuliza mke wa mchochea moto wa treni alipata wapi lugha ya Waingereza, katika nchi ambayo hata mbwa walifukuzwa kwa Kifaransa, alijibu bila aibu, kwa Kiswahili cha Kamina kinachosema njo kwa ndiyo na minyi kwa mimi: "Bwana yangu njo alinituma, ila yeye hakujua."

Ilikuwa miaka ya thelathini. Mumewe, babu yangu Kabongo, alikuwa amefanya kazi kwenye reli ya mgodi wa Broken Hill, ng'ambo ya mpaka, kwa Waingereza, akarudi Kamina na koti la kijivu, saa ya mfukoni iliyokataa kutembea, na Kiingereza. Koti lilichakaa, saa akampa mdogo wake aivae kanisani, Kiingereza kikabaki. Hapa Kamina alipata kazi ya kuchochea moto kwenye injini. Rafiki yake Kyabu, aliyekuwa naye huko Broken Hill, alishughulikia breki. Jioni wawili hao walikaa mbele ya nyumba, miguu wameinyoosha, na mambo ambayo wake zao hawakupaswa kuyajua waliyasema kwa Kiingereza cha mgodini. Kambo Mwadi alikuwa jikoni akisonga bukari. Alisikia jina lake likitajwa katikati ya maneno yasiyoeleweka, kisha vicheko. Hakuna kitu kinachomchoma mwanamke kama jina lake kuchekwa katika lugha asiyoijua.

Wakati huo tayari alikuwa anafanya kazi kwenye dispanseri ya misioni ya Waprotestanti, ng'ambo ya reli. Yeye alikuwa Mkatoliki, binti wa wakulima wa mihogo, amebatizwa na mapadri na rozari shingoni. Lakini alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajatembea, na uchungu wa mtoto wa tatu ulipomkamata vibaya, wanawake walimbeba kwa machela hadi dispanseri hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mwuguzi pale alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mikono myekundu kwa sabuni, jina lake Hilda. Watu walimwita Mamzele kwa kuwa hakuwa na mume. Mamzele Hilda alipambana na kifo siku nzima, na jioni akamtoa mtoto wa kike, hai, analia kwa hasira. Huyo ndiye mama yangu, Ndaya.

Baada ya kupata nguvu, kambo alirudi na kuku wa shukrani. Mamzele alikataa kumpokea.

"Minyi siwezi kubaki na deni ya mutoto," kambo akamwambia. "Unikatalia kuku, basi nitafua bandeji."

Akaweka kuku chini, akaingia ndani, akaanza kufua. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, mpaka ikawa kazi yake. Padri alimwuliza kama anaelewa kwamba ile ilikuwa nyumba ya Waprotestanti. Alijibu kwamba bandeji hazina dini, na padri akaondoka akitabasamu.

Basi siku moja, wakizikunja bandeji zilizokauka, kambo alimwambia yule mwuguzi, "Mamzele, unifundishe luga yako."

Mamzele Hilda alisema Kiswahili vizuri, na Kiluba kidogo cha kuwauliza wagonjwa maumivu yako wapi. Alishangaa. "Kiingereza? Kwa kazi gani, Mwadi?"

"Bwana yangu na rafiki yake banasema Kingereza juu yangu. Minyi sisikie kitu. Nataka kusikia."

Kambo alituambia kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mamzele akicheka hadi akashika meza. Alipomaliza kucheka, alikubali.

Wakaanza na vitenzi, kwa sababu Mamzele aliona kwamba mtu akijua watu wanafanya nini, atakisia wanaotajwa ni akina nani. Kila bandeji ilikuwa na neno lake. Kufua ni wash, na jana ni washed. Kuchemsha ni boil, na jana ni boiled. Kambo aliona jambo hili ni jepesi kabisa: neno linaota mkia kidogo, linakuwa la jana. Kiluba chetu kina namna zake za kutenganisha kilichotokea asubuhi hii na kilichotokea enzi za mababu, kwa hiyo hakushangaa kwamba Waingereza nao wana yao. Alitembea kwenda nyumbani akiwawekea mikia vitenzi vyote alivyokutana navyo njiani.

Kesho yake akaja kwa furaha akasema, "Mamzele, yesterday I goed."

"Went," akasema Mamzele.

"Nini?"

"Leo ni go. Jana ni went."

Kambo aliweka bandeji chini. "Na huyu went njo mutoto wa nani? Hafanane na mama yake ata kidogo."

Mamzele Hilda alikiri kwamba hajui. Hakuwahi kufikiri kuhusu jambo hilo. Ndipo kambo alipogundua kwamba Kiingereza kina watoto watiifu, wanaovaa mkia wao bila kuulizwa, na kina watukutu, na kwamba watukutu ndio wanaofanya kazi zote za nyumbani: kula, kunywa, kulala, kuleta, kununua, kuona. Alijifunza hao kama mtu anavyojifunza watoto wa jirani, kila mmoja kwa tabia yake. Cut hakubadilika kamwe. Kisu cha jana ni kisu cha leo. See alikuwa saw, na hapo alikasirika kwa sababu Kyabu alikuwa amewahi kumwambia saw ni msumeno. Brought, bought, thought, taught na caught aliwapenda kuliko wote. "Hawa beko ukoo moja," alisema. "Ata ukiwakuta mbalimbali, unajua baba yao ni mumoja."

Nyumbani alitwanga mihogo kwa maneno hayo. Mchi ukipanda, eat, ukishuka, ate. Drink, drank. Sleep, slept. Mama Mbuyu, jirani yetu mzee ambaye ua wake uligusana na wetu, alidhani ni sala za Kiprotestanti na akamwonya asije akanyimwa komunyo. Watoto wa mtaa waliyaokota na kuyatumia katika mchezo wa kuruka kamba. Kabongo peke yake hakutambua chochote, maana mchana alikuwa kwenye injini, na maneno ya jana hakuwa nayo. Huko Broken Hill alikuwa amejifunza lugha ya kuamrishwa: njoo, beba, sukuma, upesi. Hakuna aliyehitaji kumsimulia yaliyopita.

Ikafika jioni moja ya kiangazi. Kabongo na Kyabu walikuwa wamekaa mahali pao. Kambo alileta maji ya kunawa. Babu yangu, bila kumtazama, akamwambia rafiki yake kwa Kiingereza, "Yesterday I drink too much. I tell the wife, the train is late."

"Drank," kambo akasema, akimmiminia maji mikononi. "Yesterday you drank. And you told me, the train was late."

Kabongo alibaki na mikono hewani, maji yakitiririka hadi kwenye magoti. Kyabu alianguka kutoka kwenye kiti, si kwa kusukumwa, kwa kicheko tu, akalala chini akipiga ardhi kwa kiganja. Ndani ya nyumba kila mtu alisikia.

"Mama Ndaya," babu akasema hatimaye, "tangu lini?"

"Tangu ulipocheka jina yangu."

Mama yangu alisema hawakugombana. Babu alikula, akaenda kulala mapema, na asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akasimama mlangoni akauliza kwa sauti ndogo, "Kuja, jana yake ni nini?" Kambo akamwambia, came. Akaenda akilirudia njia nzima. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyejifunza kwa mkewe, na kwenye reli akawa anajigamba kwamba nyumbani kwake kuna mwalimu.

Lakini sikuanza kusimulia habari hii kwa ajili ya babu. Kambo alikuwa amekwisha kupata alichokitafuta, na angeweza kuacha. Hakuacha, kwa sababu ya mama yake Mamzele Hilda.

Unapomfundisha mtu vitenzi, lazima useme fulani anafanya hiki, fulani anafanya kile. Na yule fulani wa Mamzele, karibu kila mara, alikuwa mama yake. Mama yangu anafuga kuku. Mama yangu anaimba jikoni, vibaya. Mama yangu anagombana na upepo. Bibi huyo aliishi katika mji mdogo wa pwani huko Uingereza, mjane, na nyumba yake ilitazama bahari. Kwa hiyo kambo, aliyekuwa hajaona maji makubwa kuliko ziwa la Kisale, alimfahamu yule mwanamke kipande kwa kipande, kitenzi kwa kitenzi. Alijua anaamka saa ngapi. Alijua kwamba anawaita kuku wake kwa majina ya malkia. Alijua kwamba anachukia mchungaji mpya kwa sababu ya hotuba ndefu. Alianza kumtumia salamu, na salamu zikarudi. Mwaka mmoja, ndani ya kifurushi cha Mamzele, ilikuja kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono, ya mtoto. Asubuhi za Juni hapa Kamina zina baridi ya kweli, na mama yangu Ndaya aliivaa mpaka ikambana masikio.

"Mama yako iko na roho nzuri," kambo alimwambia Mamzele siku hiyo. "Unamwacha namna gani peke yake?"

Mamzele Hilda alichukua bandeji nyingine akaikunja kwa nguvu sana. Kambo aliona, akaendelea kukunja.

Kisha ikaja vita ya wazungu. Kwa Kamina ilimaanisha treni nyingi zaidi, utomvu wa mpira wa kuvuna, vijana kuchukuliwa jeshini, na posta iliyochelewa. Meli zilikuwa zinazamishwa, watu walisema. Barua za Mamzele ziliweza kukaa nusu mwaka baharini, au zisifike kabisa. Yeye aliendelea na masomo kama kawaida, wakati wa kukunja bandeji. My mother keeps hens. My mother sings.

Mwaka wa arobaini na moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, kambo alifika kazini asubuhi akamkuta Mamzele tayari ameketi, mbele yake rundo la bandeji ambalo lingetosha jeshi. Macho yake yalikuwa makavu. Nywele zake, ambazo siku zote zilifungwa vizuri, zilikuwa zimefungwa vizuri zaidi.

"Tufanye somo," akasema.

Kambo akaketi. Desturi yao ilikuwa hii: Mamzele anasema sentensi ya leo, kambo anaigeuza kuwa ya jana. Lakini asubuhi hiyo Mamzele alianza upande wa pili.

"My mother kept hens," akasema.

Kambo alifikiri ni mtindo mpya, wa kurudi kinyumenyume. Akaigeuza kwa uangalifu: "My mother keeps hens."

"No," akasema Mamzele. "Kept."

Kambo akachukua bandeji.

"My mother sang," akasema Mamzele. "My mother went to the window every morning."

"Na leo?" kambo akauliza. "Leo yake ni nini?"

Mamzele Hilda alitazama bandeji iliyo mkononi mwake. "Sentensi hizi hazina leo, Mwadi," akasema kwa Kiswahili. "Tuendelee na kazi."

Kambo alituambia kwamba mwili wake ulielewa kabla ya kichwa. Alimtazama yule mwanamke mrefu aliyenyooka kwenye kiti kama mti wa simu, akaelewa kwamba yule mama wa kuku alikuwa amekufa, na kwamba bintiye alikuwa amejaribu kumwambia kwa njia pekee aliyoiweza.

Baadaye ilijulikana kwamba habari ilikuwa imefika na posta ya treni siku iliyotangulia. Bibi huyo alikuwa amefariki mwezi wa tano, kwa ugonjwa wa mapafu, na sasa ulikuwa wa kumi. Jambo hilo lilimwumiza kambo kuliko yote. Miezi yote ile, wakiwa wamekaa pale wakisema anafuga, anaimba, anaandika, alikuwa ameshaacha.

Bwana mkubwa wa misioni alikuwa ameambiwa, akasali naye, akampa pole. Kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Kwa wale wazungu ilikuwa imekwisha.

Kambo alifanya kazi mpaka saa sita, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani. Kabongo alikuwa amerudi kutoka zamu, ananawa masizi. Alimweleza.

"Wazungu habalie matanga," babu akasema. "Banafunga mulango, banalia ndani. Ukienda kupiga kilio kule misioni, utapoteza kazi."

"Alitoa mutoto wako katika mukono ya kifo," kambo akasema. "Mama yake iko kwa udongo, na yeye anakunja bandeji. Nani atalala chini naye kwa mukeka ya kilio? Hana ndugu huku. Hana dada. Sisi njo dada yake."

Babu alijifuta uso. Akaenda kwa Kyabu kuomba mkokoteni, akaanza kupakia kuni.

Kambo alikwenda kwa Mama Mbuyu, ambaye alikuwa amezaliwa na mikono ya kuzika. Alijua desturi zote. Alikwenda kwa Tshiela, mke wa karani Mkasai wa stesheni, ambaye watoto wake walizaliwa kwa Mamzele. Alikwenda kwa Agar, mke wa mwinjilisti wa misioni ile ile. Hakuhitaji kueleza sana. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto aliyepita katika mikono ile myekundu. Alasiri, mvua ilipokatika, walivuka reli: wanawake wamevua viatu, vikwembe vimefungwa kiunoni, vichwa bila vitambaa. Wengine walibeba unga, mwingine samaki wakavu wa Kinkondja. Nyuma yao Kabongo na Kyabu wakisukuma mkokoteni wa kuni, hawasemi Kiingereza wala Kiswahili.

Walitandika mikeka kwenye baraza ya nyumba ya Mamzele, wakaketi chini. Mama Mbuyu akaanzisha kilio, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya wengine.

Bwana mkubwa alikuja mbio kutoka kanisani. Hakuwa mtu mbaya, ila sauti ile aliichukia. Kwa miaka mingi alikuwa amehubiri kwamba Wakristo hawaombolezi kama watu wasio na tumaini. "Tafadhali," akasema, "Mamzele anahitaji utulivu. Hapa si mahali pa kelele hizi. Nendeni nyumbani, mtamwombea."

Wanawake walitazama chini. Ni Agar aliyesimama, mke wa mwinjilisti wake mwenyewe, mwanamke aliyekuwa hajawahi kumpinga.

"Bwana," akasema kwa upole, "weye ulitufundisha Yesu alilia kwa kaburi ya Lazaro. Ulisema alilia kweli, na bantu bakaona. Sasa sisi tulie wapi?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa. Mamzele Hilda alisimama pale na aproni yake. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, waliokuwa wagonjwa wake.

"Mwadi," akasema, "hii ni nini?"

"Mama yako alikufa," kambo akasema. "Tumekuja kulala chini na weye."

Mamzele alimgeukia bwana mkubwa. "Waache," akasema. Kisha akavua viatu vyake, kitu ambacho hakuna mtu wa Kamina aliyekuwa amekiona, miguu ile mirefu myeupe, akaketi kwenye mkeka kati ya Mama Mbuyu na kambo. Hakujua miguu aiweke wapi. Tshiela akamsaidia kuikunja.

Bwana mkubwa akavua kofia, akaketi kwenye ngazi, mgongo kwao, akabaki.

"Sasa, mwanangu," Mama Mbuyu akasema, "utuambie mama yako. Hatukumwona. Alikuwa muntu wa namna gani? Alifanya nini katika dunia?"

Mamzele alianza kwa Kiswahili. Alisema sentensi moja, akakwama. Kiswahili chake kilikuwa cha homa, vidonda, na dawa mara ngapi. Hakikuwa na mama ndani yake. Alifungua mdomo tena, na kilichotoka kilikuwa Kiingereza. Hakuweza kukizuia. Wanawake wakatazamana. Ndipo kambo yangu, mfua bandeji, akasogea mbele kidogo, akaanza kuyapokea maneno yake.

"She kept hens."

"Alifuga kuku," akasema kambo.

"She gave them the names of queens."

"Aliwapa majina ya malkia." Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, na Mama Mbuyu akaitikia, "Eyo, alikuwa na maringo mazuri."

"She sang badly. She sang all day."

"Aliimba vibaya. Aliimba mchana kutwa."

"She fought with the wind. She wrote to me every Sunday. When my father drowned she sold the boat and bought a cow, and she taught herself to milk."

Kambo aliyatafsiri yote: upepo, barua za kila Jumapili, baba aliyezama, mashua iliyouzwa, ng'ombe aliyenunuliwa na mjane aliyejifunza mwenyewe kumkama. Fought, wrote, sold, bought, taught. Alisema walikuja mmoja baada ya mwingine, wale watukutu aliowatwanga pamoja na mihogo, na hakuna aliyemtoroka. Wanawake waliitikia kila neno kama wanavyoitikia sifa za marehemu, na yule bibi wa mbali, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, akawa anakaa pale barazani, mfupi kidogo, mwenye hasira na upepo.

Kisha Mamzele akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema wakati wa masomo. Alipoamua kuja Kongo, mama yake alikataa. Siku ya kuondoka hakutoka kitandani kumuaga. Binti akapanda treni bila baraka. Miaka miwili ya kwanza hakuna neno lililotoka kwake; kisha barua zikaanza kuja, lakini jambo hilo hazikuligusa. Halafu, akasema Mamzele, "she forgave me."

Kambo akasita. Neno hilo hakulijua. Alilitafuta katika koo zote, hakulipata.

"Mamzele," akanong'ona, "hilo sina."

Basi Mamzele Hilda akalazimika kulisema mwenyewe, kwa lugha yetu, mbele ya wote. "Alinisamehe," akasema. "Mama alinisamehe. Alituma kofia kwa mtoto wa mtu asiyemjua, ili nijue amenisamehe."

Na hapo ndipo alipolia. Hakulia kizungu. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na sauti iliyotoka ilimfanya Kabongo, aliyekuwa anapasua kuni uani, aweke shoka chini. Kambo alimkumbatia mgongo. Kilio cha wanawake kikapanda kumzunguka, kikamfunika, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walikaa naye siku tatu. Walipika, walilala pale pale, waliimba. Nyimbo za Kiluba, na nyimbo za kitabu cha misioni alizozianzisha Agar, na rozari moja ambayo bwana mkubwa alijifanya hakuisikia. Siku ya mwisho walimpeleka kisimani wakamwosha uso na mikono kama inavyompasa aliyefiwa. Mama Mbuyu akamnyoa nywele kidogo tu nyuma ya sikio, kwa kuwa alimwonea huruma kuzinyoa zote. Asubuhi iliyofuata Mamzele alirudi kazini. Alikuwa amekonda, na macho yake yamevimba, lakini kambo alisema alikuwa anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani.

Kazi ya kambo ilibadilika baada ya hapo. Mamzele alimtoa kwenye bandeji, akamfundisha kuzalisha. Kumbe ule mkono uliokuwa mwepesi kwa maneno ulikuwa mwepesi pia kwa watoto waliokaa vibaya tumboni. Katika miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji wanajenga kambi yao kubwa ya kijeshi nje ya mji na Kamina imejaa wageni na malori, wanawake wa cité, mtaa wa Waafrika, walikuwa wanamtafuta yeye kwanza. Walizalisha pamoja, yeye na Mamzele, na wakati wa kazi walisema Kiingereza, ili mzazi asiogope. Babu alisema mkewe naye sasa ana lugha ya siri, na kwamba Mungu ni wa haki.

Mwaka wa hamsini na tano Mamzele Hilda alistaafu. Magoti yalikuwa yamekataa. Siku ya safari, kwenye stesheni ya Kamina, umati ulikuwa mkubwa hadi mkuu wa stesheni akadhani ni gavana anayepita. Kabongo, ambaye sasa alikuwa na mvi, alikataa hamali asiguse sanduku; alilibeba mwenyewe begani mpaka ndani ya behewa, akalifunga kwa kamba, akarudi kulikagua fundo. Treni ilikuwa inakwenda Elisabethville, kisha kusini, kisha bahari.

Mamzele alishusha dirisha. Alimshika kambo mikono yote miwili.

"Mama Ndaya," akasema, "nitakuandikia."

"Utaandika ao hautaandika, minyi nitajua," kambo akamwambia. "Enda muzuri. Usikae peke yako kule. Utafute bamama, ukae nabo."

Treni ilipoanza kuvuta, wanawake walikimbia pembeni yake hadi mwisho wa jukwaa. Kambo hakukimbia. Alikuwa ameitwa: mke wa mtu wa posta alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Alijifuta macho kwa ncha ya kikwembe, akavuka reli, akaanza kuosha mikono. Mtoto alitoka mchana, wa kiume, mkubwa, mweusi kama zambarau kwa kubanwa, na kambo alimpiga makofi matakoni mpaka akafungua mdomo na kulalamika.